Maswali ya wasomaji: taimingi ya injini ya silinda mbili

SWALI: Ndugu fundi, nina Citroën 2CV6 ya cc 602. Nimefunga pointi mpya (vile viguso vinavyofunga na kufungua umeme wa koili) na gari linawaka, ila mlimani halivuti, na nikiachia pedali ya mafuta ekzosi inalipuka. Kisanduku cha pointi nilikirudisha kwa kukisia. Nitawekaje taimingi (wakati wa cheche kuruka) bila ile taa ya kumulikia flaiwili, gurudumu zito la injini?

JIBU: Dalili hizo ni za cheche inayochelewa, na kazi hii haihitaji taa hiyo. Tafuta balbu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili, fila geji (vibamba vya kupimia uwazi), na kijiti cha chuma kilichonyooka, kipenyo milimita 6.

Toa feni ili ukifikie kisanduku, kisha ng'oa plagi zote mbili injini izunguke kwa mkono. Taimingi usiiguse bado. Anza na uwazi wa pointi, maana ukiuongeza baadaye pointi zitafunguka mapema na cheche itawahi. Ukiupunguza itachelewa, na kazi yote uanze upya. Zungusha injini hadi kemu (kipande chenye pembe kinachosukuma pointi) izifungue pointi kabisa, weka milimita 0.4, kaza skurubu, halafu pima tena. Skurubu hiyo hupenda kuivuta pointi wakati wa kukaza.

Sasa kijiti. Upande wa kushoto, pale injini inapokutana na gia boksi, kuna tundu. Kiingize humo ukikibonyeza polepole huku mwenzako akizungusha flaiwili kwa uelekeo wake wa kawaida, mpaka kizame. Hapo injini iko digrii 8 kabla ya pistoni kufika mwisho wa mwendo wake wa nje. (Zile za zamani za cc 425 ni digrii 12.) Chungulia kwenye matundu ya plagi: pistoni zote mbili ziwe karibu kabisa na mwisho huo. Kama haziko hapo, kijiti kimeingia pasipo pake.

Waya mmoja wa balbu uende kwenye kichwa cha koili kinachopeleka moto kwenye pointi, wa pili kwenye bodi. Washa swichi ya gari. Pointi zikiwa zimefunga balbu huzima, zikifunguka huwaka. Legeza bolti za kisanduku, kizungushe kuelekea kemu inakozunguka mpaka balbu izime, kisha kirudishe kinyume, taratibu sana, na uishie pale pale inapowaka. Kaza. Chomoa kijiti, zungusha injini mzunguko mmoja, ukirudia jaribio: balbu iwake wakati uleule kijiti kinapozama. Usiache swichi ikiwa imewashwa muda mrefu, koili itachemka. Na kijiti kikisahaulika ndani ukapiga starta, utavunja kitu cha gharama kuliko pointi.

Ikiwa taimingi ni sahihi na gari bado halivuti, shika kemu kwa vidole uizungushe. Lazima isogee kidogo na kurudishwa na springi. Ikigoma, vizito vilivyo nyuma yake vimeshika kutu, na cheche haiwahi kasi inapopanda. Safisha, weka tone la oili, si grisi nyingi, kwani itarukia pointi.

SWALI: Nikirudia mzunguko wa pili, balbu inawaka kabla ya kijiti kuzama. Mzunguko wa kwanza ni sawa kabisa. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea. Kemu ya 2CV ina pembe mbili, kila moja kwa silinda yake, na pembe huchakaa bila kulingana. Koili hupiga plagi zote mbili kwa pamoja, lakini cheche yenye kazi ni ya silinda iliyobana mchanganyiko. Nyingine hupotea kwenye moshi.

Weka digrii 8 kwa pembe inayowahi, ile nyingine iachwe ichelewe. Usigawanye tofauti katikati: silinda inayowahi kupita kiasi hugonga, na pistoni hutoboka kwa kugonga. Kupima tofauti, hesabu meno ya flaiwili, gawa 360 kwa idadi hiyo, upate digrii za jino moja, kisha hesabu meno yanayopita tangu balbu iwake hadi kijiti kizame. Tofauti ikizidi digrii 3, badilisha kemu, au funga mfumo wa elektroniki usio na pointi.

SWALI: Pointi zangu zinaungua na kuwa nyeusi baada ya muda mfupi.

JIBU: Ni kondensa, kile kifaa kinachozuia cheche kati ya pointi. Ikifa, cheche huruka kati ya pointi badala ya kwenda kwenye plagi, na injini humisi. Badilisha kondensa na pointi pamoja. Oili iliyopenya kwenye kisanduku pia huzichafua. Kama ndani kumelowa, sili ya shafti iliyo nyuma ya kisanduku ndiyo ya kubadilishwa kwanza.