Bimkubwa ana gesi jichoni? Basi mlima wa Kitonga asipande

Mkuu, Jumamosi msisafiri. Hayo maswali yako ya miwani na chakula yaweke pembeni kwanza. Umesema bimkubwa kafanyiwa operesheni ya retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) iliyobanduka hapo Dar, kawekewa gesi jichoni ya kuishikilia, kakatazwa ndege, kwa hiyo mnampeleka Mbeya na basi. Safari kama hiyo ya basi ndiyo iliyoondoka na jicho la mzee wetu.

Na sisi tuliambiwa hivyo hivyo. Aliyetupa karatasi za kuruhusiwa alisema ndege marufuku, gari poa tu, nendeni. Huyo mtu nina hasira naye mpaka leo, maana alijibu kwa uhakika kabisa na hata hakuuliza mzee anaishi wapi. Mgonjwa yuko usawa wa bahari, faili limeandikwa Mafinga, huko nyanda za juu, halafu unamwambia gari poa? Angeangalia tu hiyo anuani.

Kinachoua jicho ni kwenda juu, chombo ni chochote. Ukipanda, mgandamizo wa hewa ya nje unapungua na gesi yoyote iliyofungiwa inatanuka. Si umeshaona pakiti ya krispi uliyonunua Dar inavyovimba mkifika Iringa? Sasa pakiti inavimba, jicho halina pa kuvimbia, kwa hiyo presha ya ndani ndiyo inayopanda, inabana mishipa ya damu na ile neva inayopeleka picha kwenye ubongo, na neva ikishakufa hakuna dawa wala operesheni ya kuirudisha. Ndani ya ndege hewa wanaiweka kama vile uko mita 1,800 hadi 2,400 juu. Iringa mjini ni kama 1,600, Mbeya kama 1,700, Mafinga inakaribia 1,900. Sasa niambie tofauti ya hilo basi na ndege iko wapi.

Mpaka Mikumi mzee alikuwa anapiga stori, kala vizuri. Tulipoanza kupanda Kitonga, nyuma ya malori, masikio ya kila mtu yanaziba, akashika siti ya mbele kwa mikono miwili akainamisha kichwa. Tukadhani anafuata masharti maana aliambiwa awe anainamisha uso. Kumbe jicho linapasuka kwa maumivu. Akaanza kutapika, na kwenye basi kila abiria ni daktari, huyu kaleta limao, yule tangawizi, wanasema gari linamchafua. Tunafika Ilula anasema upande ule giza tupu. Iringa wakampima presha ya jicho, kawaida haizidi 21, yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Wakampa dawa za kuishusha, wakatoa gesi kidogo kwa sindano, maumivu yakaisha, kuona hakukurudi. Kinachoniuma ni kwamba retina yenyewe ilikuwa imeshika vizuri kabisa. Operesheni ilifanikiwa, barabara ikaimaliza.

Kwa hiyo shika hili moja tu: gesi ikiwa bado jichoni, mgonjwa hapandi kwenda juu zaidi ya pale alipofanyiwa operesheni, iwe kwa ndege, basi, noah au pikipiki, mpaka daktari amwangalie ndani ya jicho aseme imeisha. Na ninyi wa Nairobi msidhani haiwahusu, kupanda Limuru nako ni kupanda. Muulize daktari kaweka gesi gani, SF6 inakaa kama wiki 2 hadi 3, C3F8 inaweza kufika wiki 8. Bimkubwa mwenyewe ataanza kuona mstari unaochezacheza akitikisa kichwa, utakuwa unashuka siku hadi siku, mwisho kinabaki kiduara kidogo kwa chini. Hicho kiduara bado ni gesi, msijiamulie wenyewe.

Bangili aliyovalishwa mkononi, ya kuonyesha ana gesi jichoni, asiivue. Ikitokea dharura akahitaji operesheni nyingine, hata ya jino, watu wa nusu kaputi lazima wajue, maana kuna gesi ya usingizi, naitrasi oksaidi, inaingia kwenye ile ya jichoni na kuitanua hata kama kalala hapo hapo Dar.

Uliuliza kama mafuta ya silikoni yangekuwa bora. Hayo hayatanuki, mwenye nayo anasafiri, ila mara nyingi yanatakiwa kutolewa baadaye kwa operesheni nyingine, na yakisahaulika yanaleta presha ya jicho na kuharibu kioo cha mbele. Daktari ndiye anayechagua kulingana na retina ilivyochanika, siyo ratiba ya basi.

Tiketi irudishe leo. Tafuta ndugu Dar, Kibaha, Bagamoyo, popote kulipo tambarare, bimkubwa akae hapo awe anakwenda kliniki. Kama kuna ndugu wa Mbeya wanalalamika kwamba mnachelewa, njoo PM nikupe namba yangu, nitaongea nao mmoja mmoja.