Panya wameisha, paka ameisha, na wewe umenyamaza

"Asalaam aleikum Shangazi, shikamoo. Nina miaka 18 kwenye ndoa, naishi Mingoyo, Lindi. Mke wangu alikuwa na paka wake, Chausiku, wamekaa pamoja miaka 7. Mwezi uliopita paka alikula kitu huko, Jumamosi akagoma kula. Mke wangu akawa anamnywesha maziwa kwa kijiko, Jumapili usiku akafa. Tangu hapo nyumba haina raha. Mke wangu analia, hasemi, hata nazi hataki kukuna, wiki ya tatu tunakula chukuchuku. Nimemwambia matanga ya mtu ni siku tatu, sembuse paka, akaniangalia tu akaingia ndani. Mimi nashinda shamba Jumatatu mpaka Ijumaa kwa ajili yake. Mtoto wa mwisho yuko bweni. Stoo imejaa makopa na mahindi, na panya waliotusumbua hawapo tena, hatuna shida yoyote. Je, nimletee paka mwingine yaishe, au nimrudishe kwao akapumzike? Mume, Mingoyo."

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Poleni. Paka wa miaka 7 ni wa nyumba nzima, hata kama wewe hukumhesabu. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nafikia pale stoo.

Unasema paka alikula kitu. Kitu gani? Mistari michache mbele unafurahi kwamba panya hawapo. Panya hawaachi makopa wakahama wenyewe. Kama Chausiku ndiye aliyekuwa anawazuia, alipokufa wangezidi. Wao wameisha na yeye ameisha, mwezi mmoja. Uliweka sumu, mwanangu, na mkeo hukumwambia.

Sumu nyingi za panya za madukani haziui papo hapo. Zinazuia damu kuganda, na panya hukaa siku kadhaa kabla ya kufa. Siku hizo anatembea mchana kweupe, mzito, hana mbio. Paka gani atamwacha? Anakula wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka naye anaanza kuvuja damu ndani kwa ndani: ufizi unapauka, pumzi inakuwa ya shida, anajificha chini ya kitanda. Na sumu ya aina hiyo ina dawa, vitamini K, mnyama akiwahishwa kwa daktari wa mifugo. Sasa nijibu, hata kimoyomoyo. Jumamosi ile mkeo ameketi chini na kijiko cha maziwa, wewe ukiwa hapo hapo nyumbani, ulikuwa unajua?

Mimi naamini ulijua. Ndiyo maana unataka yaishe haraka.

Habari ya nazi umeileta kama shtaka dhidi yake. Mimi nimefuga paka. Mwanamke akikaa juu ya mbuzi, kile kifuu kikianza tu kusugua meno ya mbuzi, paka anatoka popote alipo, hata darini, anakuja kukaa karibu na bakuli akingoja adondoshewe kidogo. Miaka 7 mkeo hakukuna nazi peke yake. Leo akikaa pale anasikia mbuzi tu, hakuna kinachokuja. Mtoto bweni, mume shamba siku tano, paka ardhini. Wewe unaona mboga chukuchuku.

Na hizo siku tatu usizitumie kumfunga mtu mdomo. Zinahusu kuacha mapambo kwa ajili ya maiti, hazikuwekwa kupima machozi. Mtume (s.a.w.) alikwenda nyumbani kwa kina Anas bin Malik akamkuta mdogo wake Anas amehuzunika, kindege alichokuwa akichezea kimekufa. Hakumwambia ni ndege tu. Alimuuliza: "Ewe Abu Umayr, kamefanya nini kale kandege?" Mtu mwenye umma mzima mabegani alipata nafasi ya kuulizia kindege cha mtoto. Wewe umeulizia nini tangu Chausiku afe?

Niseme na wengine wanaosoma hapa. Wanaume wa ndoa za sasa wanaleta gunia nyumbani wakadhani wamejileta na wao. Huku kwetu Kusini msichana anawekwa unyagoni, kungwi anamfundisha kuusoma uso wa mume tangu anapovua viatu mlangoni. Kijana anatoka jando na adabu na uvumilivu, lakini uso wa mke nani alimfundisha kuusoma? Basi mke akinyamaza, mume anaona kiburi. Akilia, anaona kazi haifanyiki. Asiyekuwepo na lake halipo, ndiyo maana leo namsemea mkeo, kwa kuwa barua imeandikwa na wewe.

Kumrudisha kwao usithubutu. Utamwambia mama yake mwanae amekosa nini? Mficha maradhi kilio humuumbua, na kwako kilio kimeshasikika.

Ijumaa ukirudi, ingia kwanza stoo. Vaa mifuko mikononi, okota sumu yote iliyobaki, tafuta na panya waliokufia nyuma ya magunia uwafukie chini sana, kabla kuku au mtoto wa jirani hajawafikia. Magunia yapandishe juu ya chaga, matundu yazibe. Kisha kaa na mkeo umwambie: "Sumu niliweka mimi. Nilipoona anaumwa nilijua, nikaogopa kusema." Ishia hapo. Usiongeze habari ya mahindi, mahindi anayajua. Akikasirika, kasirikiwa. Akikuuliza kwa nini ulimwacha ahangaike na kijiko siku mbili, hilo ndilo swali lenyewe, usilikimbie kwenda barazani.

Hukuniandikia paka alizikwa wapi. Kama ulimtupa jalalani, mwambie na hilo, siku hiyo hiyo. Kama alizikwa, nenda naye mahali hapo.

Paka mpya usimlete mpaka aombe yeye. Nazi za wiki hii zikune wewe. Na lile bakuli la Chausiku, kama bado liko karibu na mbuzi, usiliguse, atalitoa mwenyewe.