Ripoti ya leo, tarehe ya jana: kigeu kimeishia ndani ya Makefile

Msomaji mmoja wa hapa Dodoma ameuliza: ripoti inayotengenezwa na skripti inayoitwa na Makefile yake (faili la maagizo ya programu ya Make) saa nane usiku hutoka na tarehe sahihi kwenye kompyuta yake, lakini kwenye seva hutoka na tarehe ya jana. Juu kabisa ya Makefile ameandika TZ = Africa/Dar_es_Salaam, yaani kigeu kinachotaja saa za eneo. (Africa/Dodoma usiitafute, haipo.) Seva inakwenda kwa saa za UTC, nyuma yetu saa tatu, ndiyo maana skripti inadhani bado ni saa tano usiku.

GNU Make haimpi mtoto, yaani programu inayoiita, kila kigeu. Ulichokiandika ndani ya Makefile hubaki humo, isipokuwa kama jina hilo lilikuwapo kwenye mazingira (vigeu ambavyo programu huvirithi kutoka kwa iliyoiita) kabla Make haijaanza, au umelitaja kwenye amri yenyewe: make ripoti TZ=Africa/Dar_es_Salaam. Kwenye kompyuta yake .bashrc (faili linalosomwa sheli inapoanza) ina export TZ, basi Make ikakipokea na kukipitisha. Kwenye seva hakikuwapo. Makefile ni ileile, matokeo mawili. Ukisikia mtu anasema "mbona kwangu inafanya kazi", anzia hapo.

Dawa ni neno moja, export, linaloiambia Make ikipitishe kigeu:

export TZ := Africa/Dar_es_Salaam

Kama ni lengo (kazi moja yenye jina ndani ya Makefile) moja tu linalokihitaji, andika ripoti: export TZ := Africa/Dar_es_Salaam, ukijua kwamba malengo ambayo lengo hilo linayategemea nayo yatakipata. Kuandika export peke yake, bila jina, hupeleka karibu vigeu vyote. Mimi siipendi, siku moja kigeu chako kitagongana na jina ambalo programu nyingine inalitegemea.

Usipime kwa echo $(TZ). Make huweka thamani kabla sheli haijaona chochote, kwa hiyo utaiona hata kama haikutumwa. Tumia printenv TZ.

Wengine huweka export TZ=... kwenye mstari wa kwanza wa maagizo na kuita skripti mstari wa pili. Haifiki. Kila mstari una sheli yake, ikifa inaondoka na vigeu vyake. Unganisha kwa && na \ mwishoni mwa mstari. .ONESHELL, inayopeleka mistari yote kwenye sheli moja, ipo tangu toleo la 3.82, ila macOS huja na 3.81, tena ukiitumia weka .SHELLFLAGS = -ec, la sivyo kosa la katikati litapita kimya.

Faili la .env, lenye vigeu na maneno ya siri ya programu, ndilo linaloumiza watu zaidi. Ukilivuta kwa include .env, Make huhesabu alama za nukuu kuwa sehemu ya thamani, na alama ya dola huila: neno la siri Dom$2024 linakuwa Dom024, kwa sababu $2 imesomwa kama kigeu kitupu. Iache sheli isome yenyewe, thamani ikiwa ndani ya nukuu moja-moja, yote kwenye mstari mmoja:

set -a; . ./.env; set +a; ./ripoti.sh

Ile ./ kabla ya .env usiiruke.

Ukiita Makefile nyingine, andika $(MAKE) -C, si make -C, ili -n (onyesha bila kutekeleza) na -j (kazi kadhaa kwa pamoja) zifike. Kwa kawaida sudo husafisha sehemu kubwa ya mazingira; TZ huiacha ipite, lakini kwa uhakika andika sudo env TZ=$(TZ) ./ripoti.sh. Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena lenye mazingira yake, nayo inataka -e TZ, na kama kontena ni la Alpine (aina ndogo ya Linux) ongeza apk add tzdata, maana bila hiyo jina la eneo halitambuliki na saa inabaki UTC.