Ukitaka kuingiza maktaba ya nje kwenye programu ya kampuni: maneno kwa wanaoanza kazi

Kila mwaka ofisini kwetu hapa Tanga tunapokea vijana wa mafunzo kwa vitendo, na karibu wote wanafika wakijua amri moja: npm install, inayoshusha vifurushi vya JavaScript kutoka ghala la npm. Vitu vinashuka, programu inawaka, kazi inaonekana imekwisha. Wadogo zangu, hapo ndipo kazi inapoanza. Maktaba ya chanzo huria, yaani msimbo ulioandikwa na wengine na kuachwa wazi tuutumie, ikishaingia kwenye ujenzi wa programu ya kampuni, sisi ndio tunaoibeba. Mteja hamjui aliyeiandika, anatujua sisi.

Programu yetu inatumika kwenye vituo vya kukusanyia maziwa, kuanzia Muheza mpaka milimani Lushoto. Mfugaji anafika asubuhi na mapema na dumu lake, maziwa yanapimwa, anapewa stakabadhi, na malipo yake ya mwezi yanatokana na stakabadhi hizo. Mnapochagua maktaba, mkumbukeni mtu huyo.

Anzeni na leseni, kabla hata hamjajaribu kama maktaba inafanya kazi. Chukulia hiyo stakabadhi. Ukitaka kutengeneza PDF kwa Java, jina utakalokutana nalo haraka ni iText. Zamani ilitolewa kwa leseni za LGPL na MPL, zinazoruhusu maktaba itumike hata ndani ya programu ambayo msimbo wake hautolewi. Kuanzia toleo la 5, mwaka 2009, ikahamia AGPL, pamoja na leseni ya kulipia kwa asiyetaka masharti ya AGPL. Masharti hayo yanamtaka anayesambaza programu iliyojengwa juu ya maktaba hiyo atoe pia msimbo wake kwa leseni hiyohiyo, na yanamgusa hata yule ambaye watumiaji wanaifikia programu yake aliyoibadilisha kupitia mtandao tu. Ni haki ya wenye maktaba na lazima tuiheshimu. Kampuni isiyotoa msimbo wake inabaki na njia mbili: ilipie, au itafute nyingine, kama OpenPDF, iliyotokana na iText ya 4 na kubaki na LGPL na MPL. Kwa hiyo someni leseni ya toleo lile mnalolichukua, ndani ya furushi lenyewe. Msitegemee mlichosikia kuhusu mradi kwa ujumla.

Leseni za MIT na BSD ni nyepesi: hifadhi tamko la hakimiliki pamoja na maandishi ya leseni, basi. Apache 2.0 inataka pia faili la NOTICE lisafiri na programu kama lipo. Sisi tunayaweka yote kwenye ukurasa wa "Kuhusu programu hii", na ukurasa huo unajazwa na ujenzi wenyewe. Ukijazwa kwa mkono utasahaulika.

Halafu jueni kwamba maktaba haiji peke yake, inakuja na ukoo mzima. Kwenye Maven, zana ya kujenga programu za Java, endesheni mvn dependency:tree, inayoonyesha mti wa maktaba zote na zile zinazoletwa nazo, kabla ya kuongeza maktaba, na tena baada ya kuongeza, kisha linganisheni. Mara nyingi utaona maktaba mbili zinaitaka ya tatu ileile, kila moja kwa toleo lake. Hapo Maven inachukua toleo lililo karibu zaidi na mradi wako kwenye mti, hata kama ni la zamani; Gradle, zana nyingine ya kazi hiyohiyo, kwa kawaida inachukua lililo jipya zaidi. Mradi mmoja, zana mbili, matokeo tofauti, na hitilafu yake inaweza kujificha mpaka mtu abonyeze kitufe fulani huko kituoni. Tofauti ya miti hiyo miwili tunataka kuiona kwenye ombi lako la mapitio. Mimi binafsi naisoma kabla ya kusoma msimbo wako.

Mti huo una kazi nyingine. Desemba 2021 ilipotangazwa hitilafu ya Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio ya programu, yenye namba CVE-2021-44228, iliyomwezesha mtu wa mbali kuendesha msimbo wake kwenye seva yako, swali la kwanza kila mahali lilikuwa: sisi tunayo? Wengi hawakuwahi kuiongeza wenyewe, ilikuwa imeletwa na maktaba nyingine. Na rekebisho halikuwa moja: lilitoka 2.15.0, likafuatwa na 2.16.0, kisha 2.17.0, kisha 2.17.1. Mwenye orodha ya kila kilichomo ndani ya kila toleo alilowahi kumpa mteja alijibu upesi. Ndiyo maana ujenzi wetu unatoa orodha hiyo kwa muundo wa CycloneDX, ambao ni muundo wa kawaida wa orodha kama hizo, na kuihifadhi pamoja na programu.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote: ujenzi wetu lazima uweze kukamilika bila intaneti. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania nzima ilijikuta na intaneti ya kusuasua au haina kabisa. Seva yetu ya ujenzi ilikuwa na ghala lake la ndani lenye kila maktaba tunayoitumia, kwa hiyo iliendelea kujenga. Wala si nyaya peke yake. Machi 2016 mwandishi wa left-pad, kifurushi cha mistari 11 tu, alikiondoa kwenye npm, na miradi mingi mikubwa duniani ikashindwa kujengwa mpaka kiliporudishwa.

Kwa hiyo maktaba mpya inapita kwanza kwenye ghala letu. Toleo linaandikwa kamili. Vialama kama ^, vinavyoruhusu matoleo mapya ya namba kuu ileile yajiingize yenyewe, hatuviruhusu. Faili la package-lock.json, linaloorodhesha toleo kamili la kila kifurushi, linaingia Git, tunakohifadhi msimbo na historia yake, na seva inatumia npm ci, ambayo inasimama na kulalamika kama faili hilo halilingani na package.json. Upande wa Gradle tunahifadhi alama ya SHA-256 ya kila furushi, yaani namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, kwenye verification-metadata.xml. Baiti moja ikibadilika, ujenzi unakataa. Kabla hujaomba mapitio, chomoa waya wa mtandao na ujenge kwa --offline.

Alama hizo zinathibitisha kwamba ulichonacho leo ni kilekile cha jana. Hazikwambii kama cha jana kilikuwa salama. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Akafuatilia mpaka akafika kwenye xz, maktaba ya kubana data iliyomo karibu kwenye kila Linux: matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa siri. Angalieni ulivyopitishwa. Hati ya ujenzi iliyouamsha haikuwamo kwenye Git; ilikuwamo kwenye mafurushi ya tar ambayo watu wanapakua, na msimbo wenyewe wa mlango huo ulifichwa ndani ya mafaili ya majaribio. Aliyefanya hivyo alijenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, kwenye mradi uliokuwa ukitunzwa na mtu mmoja aliyechoka.

Kwetu, maktaba za C tunazijenga wenyewe kutoka kwenye Git, na ufunguo wa kusaini programu ya Android haukai kwenye mashine inayoendesha hati za ujenzi za watu wengine. Kwenye npm anzeni na --ignore-scripts, inayozuia hati za vifurushi zisijiendeshe wakati wa kusakinishwa, kisha mruhusu kile tu chenye sababu.

Mkikuta hitilafu ndani ya maktaba, msiihariri palepale ilipo, maana toleo likipandishwa marekebisho yenu yanafutika kimyakimya. Wekeni kiraka, yaani faili dogo lenye marekebisho yenu tu, kwenye folda ya viraka, juu yake muandike sababu na toleo kinalolihusu, na ujenzi ukibandike wenyewe. Kikishindwa kubandikika, ujenzi usimame.

Kisha wapelekeeni wenye maktaba hicho kiraka. Wengi wao wanafanya kazi hiyo bila malipo, usiku, baada ya kazi zao za mchana. Andikeni kwa adabu na kwa ufupi: toleo, hatua za kuitokeza hitilafu, jaribio dogo linaloshindwa bila kiraka na kufaulu likiwa nacho. Wakikikubali na toleo jipya likatoka, futeni kiraka chetu, pandisheni toleo, toeni mti upya, na muombe mapitio.