Vibua wanakufa njiani, jodari hawali

Kaka, umesema vibua wako wa chambo hai hufa kabla hujafika mkondo wa Pemba, na jodari wakubwa hawawagusi. Anzia kwenye pipa unalowabebea. Weka vibua wachache, badilisha maji ya bahari mara kwa mara, pipa likae kivulini. Lowesha mikono kabla ya kumshika kibua. Mkono mkavu humbandua utando wa ngozi, na hapo ameshakwisha.

Ukiona ndege wanapiga mbizi, usiwavamie na injini. Zunguka ukae mbele yao, zima, achia chambo kielee na maji. Ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kwa ndani, ipitishe puani mwa kibua chombo kikisogea, mgongoni kikitulia. Waya wa kufungia ndoana achana nao, jodari ana macho makali. Nailoni nene inatosha.

La kuogopa ni mshipi. Jodari wa kilo 60 akikimbia, kitanzi kilichozunguka kidole hukikata. Vaa glavu, kisu kiwe karibu, usijifunge mshipi mwilini kamwe. Kwa ngalawa, kusi ikivuma, mimi siendi.

Akishapanda, barafu papo hapo. Jodari aliyelala juani huwasha watu na kuwavimbisha hata akipikwa. Mlaji akibanwa pumzi, mkimbize hospitali.