Kabla ya kuishuku redio, kagua kebo

Wewe unayeanza redio ya ridhaa (mawasiliano ya redio ya watu binafsi, yasiyo ya biashara), shika jambo hili mapema: stesheni ikisumbua, redio yenyewe iwe ya mwisho kushukiwa. Anza na kebo, na kwenye kebo anza na konekta. Hapo ndipo panapovutwa, panapopindwa na panapoingia maji.

Usikimbilie kupanda juu ya paa. Chomoa kebo ya antena, funga mahali pake mzigo bandia wa omu 50 (kifaa kinachomeza nguvu ya redio badala ya kuirusha hewani), kisha rusha kwa nguvu ndogo. Wati 5 zinatosha. SWR ni kipimo cha nguvu inayorudi kwenye redio badala ya kwenda hewani; 1 maana yake hairudi kitu. Ikisoma karibu na 1 na nguvu ikitoka kama kawaida, upande wa redio hauna tatizo. Sasa hamishia mzigo huo mwisho wa kebo, pale antena inapofungwa, upime tena. Usomaji ukiharibika, mbaya wako ni kebo au konekta zake.

Multimita nayo inasaidia. Kebo ikiwa wazi pande zote mbili, waya wa katikati usigusane kabisa na wavu wa nje. Usipime kebo ikiwa bado imefungwa kwenye antena, maana antena nyingi nzima huonekana kwenye mita kama shoti.

Lakini wengi hupotezwa na SWR ya chini. Wakiiona wanaridhika, kumbe kebo imeoza. Kebo iliyonyonya maji hula nguvu wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, kwa hiyo mita iliyo karibu na redio huona kidogo tu kinachorudi. Unaita, hujibiwi, na mita inakuambia mambo ni shwari. Ili kuibaini, acha ncha ya mbali wazi na upime kwa kichanganuzi cha antena (kifaa kinachopima SWR kwa mawimbi yake hafifu), si kwa kurusha. SWR inatakiwa iwe kubwa sana. Ikisoma 3 tu, kebo inapoteza desibeli 3 kwa safari moja: wati 50 zinazotoka kwenye redio hufika juu zikiwa 25. Linganisha na jedwali la mtengenezaji kabla ya kuihukumu, kwa sababu kebo nyembamba ya aina ya RG-58 yenye urefu wa mita 15 hivi hupoteza karibu kiasi hicho kwenye masafa ya 145 MHz hata ikiwa mpya.

Hitilafu inayokuja na kuondoka ndiyo inayochosha zaidi. Sikiliza kituo chenye mawimbi thabiti huku ukitikisa kila konekta taratibu. Sauti ikikatika, umeipata. Kwenye PL-259, aina ya konekta inayotumika sana, mara nyingi utakuta ncha ya katikati imelehemiwa vizuri lakini wavu umebanwa tu bila lehemu. Mwili wa konekta hunyonya joto jingi, kwa hiyo kifaa kidogo cha kulehemu hakitoshi. Mimi sishauri kukarabati konekta ya zamani. Kata, weka mpya.

Konekta ya nje izungushie mkanda wa mpira unaojishika wenyewe, kwa kuwa PL-259 haizuii maji. Ukikata na kukuta wavu umekuwa mweusi, rudi nyuma sentimita 30 ukate tena. Ukiwa bado mweusi, badilisha kebo yote.