Kikaoni kimya, pembeni wanasema

SWALI: Naongoza timu ya watu wanane. Nikiwauliza mmoja mmoja pembeni, wananieleza kasoro za mpango bila kuficha. Tukiingia kikaoni wote wanaitikia ninachosema, kisha kazi inakwama palepale waliponionya. Huu si unafiki?

JIBU: Hapana. Mtu akiwa kundini hupima mambo mawili kwa mpigo: ukweli wa jambo, na hasara ya kubaki peke yake. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu nchini Marekani mistari, akawauliza upi unalingana na mwingine kwa urefu. Jibu lilikuwa wazi. Hata hivyo, wenzao waliopangwa walipokosea kwa makusudi, wote kwa sauti moja, karibu theluthi ya majibu ya wahusika yalifuata kosa lile. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulipungua sana. Kwa hiyo kazi yako ni kumpata huyo wa kwanza.

Kikao kijacho, taja tatizo lakini maoni yako yaweke akiba. Wape dakika tano, kila mmoja aandike peke yake kwenye karatasi kabla yeyote hajafungua mdomo. Aliyekwisha kuandika hawezi kubadili mawazo kimyakimya kwa kumtazama bosi usoni. Kisha pitisha zamu ukianza na wa cheo cha chini au aliyejiunga karibuni. Wewe uwe wa mwisho. Na uache kuuliza "Kuna mwenye swali?", maana jibu lake ni kutikisa kichwa. Uliza: "Ni kitu gani kitatukwamisha wiki ya kwanza?"

Mambo huharibikia kwa yule wa kwanza kukupinga. Ukimkatiza, au ukimrushia hoja tatu za kujitetea, wale saba wengine wameshapata somo lao. Andika hoja yake ubaoni kwa maneno yake mwenyewe, muulize angefanyaje. Halafu, na hapa ndipo viongozi wengi tunaowaona hushindwa, kikao kinachofuata eleza hoja hiyo imefikia wapi, hata kama umeikataa, na kwa nini. Maoni yasiyojibiwa hukauka. Baada ya vikao vichache utakusanya karatasi tupu.

SWALI: Tulikuwa watatu, ripoti ikichukua wiki moja. Sasa tuko sita na muda ni uleule. Tuwaahidi wote bonasi?

JIBU: Bado. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913, mhandisi Mfaransa Max Ringelmann alionyesha kuwa watu wanane wakivuta pamoja hutoa karibu nusu tu ya jumla ya nguvu ambazo kila mmoja angetoa peke yake. Sehemu ya hasara ni kutopatana kwa mwendo. Sehemu nyingine ni kutegea, na kutegea hustawi pale mchango wa mtu usipoonekana.

Ligaweni jedwali la kazi upya: kila sehemu ya ripoti iwe na jina moja na tarehe moja. Msiandike "timu ya takwimu itashughulikia". Wakiwa wawili kwenye sehemu moja, mmoja aandike, mwingine ahakiki, na ijulikane nani ni nani. Bonasi ya wote ikitangulia hayo, wachapakazi wataona wanawabeba wenzao, nao watapunguza kasi ili wasionekane wajinga.